Lazo Mkononi mwa Mama Mkwe wa Zamani

Wiki jana tulimwacha askari Nicanor ameinama sikioni mwa Jaji Eufemia Cantú, harusi imesimama katikati, watu wamekaza shingo kama kuku waliosikia mlango wa banda. Nyote mliopiga simu gazetini kuuliza alinong'ona nini, haya, shikeni.

"Majibu ya alama za vidole yamerudi, Mheshimiwa," alinong'ona Nicanor. "Yule wa mferejini ni Rogelio Longoria."

Jaji hakushtuka. Kushtuka kunataka nguvu, na yeye nguvu alikuwa amezimaliza. Tangu kabla ya mapambazuko alikuwa amesimama kwenye tope la mfereji wa kumwagilia machungwa, akiangalia maiti isiyo na kitambulisho, na tangu hapo kilichopita kooni mwake ni kahawa tu. Las Anacuas ni mji mdogo na kaunti yake ndogo. Jaji ni mmoja. Anayekufungisha ndoa ndiye anayeitwa kuthibitisha umekufa, na ndiye anayeamua umekufaje. Siku nyingine kazi zote hizo zinaangukia asubuhi moja.

Alimtazama bibi harusi. Noelia alikuwa anatabasamu, hajui kitu, ameshikana mikono na Abelardo wake mbele ya bendera.

Na huyo Rogelio wa mferejini ndiye aliyekuwa mume wa kwanza wa Noelia. Mahakama ilikuwa imeshawaachanisha, tena katika chumba hiki hiki. Lakini kanisa lilikuwa bado linamhesabu mume. Maadamu anapumua, hakuna padri ambaye angemwozesha Noelia kwa mwingine. Ndiyo maana leo walikuwa mbele ya jaji badala ya altare.

Kisha Jaji akamtazama aliyeshika lazo, ile rozari ndefu ya vitanzi viwili wanayovishwa maharusi mabegani ili wawe wamefungwa pamoja. 

Aliyeshika lazo alikuwa Mama Chayo. Mama mzazi wa Rogelio.

Ndiyo, msomaji, umesoma sawa. Mama mkwe wa zamani ndiye mama wa lazo. Rogelio alipomtelekeza Noelia na kukimbilia mji mwingine na mwanamke wa watu, Mama Chayo hakumtetea mwanawe hata nukta. Alimchukua Noelia nyumbani kwake, akamlisha, akamfuta machozi. Na siku Noelia alipompata Abelardo, kijana mpole wa mashamba ya machungwa, Mama Chayo alisema mbele ya mji mzima, "Lazo nitaweka mimi, na asiyependa akameze wembe."

Sasa alikuwa amesimama na gauni lake la buluu, lazo limelala juu ya viganja vyake, anasubiri ishara ya Jaji. Mwanawe yuko kwenye jokofu la chumba cha maiti, na yeye anatabasamu.

"Mbona umenyamaza, Eufemia?" Sauti ilitoka kiti cha mbele. Ilikuwa ya Bibi Ofelia, nyanya aliyemlea Noelia tangu akiwa mtoto wa kunyonya. "Kama umechoka, kaa chini ufungishe umekaa. Mungu hatajali."

Watu walicheka. Jaji naye alijaribu kucheka, mdomo ukakataa.

"Mahakama inapumzika kidogo," alisema.

"Mahakama gani tena? Hii ni harusi!"

"Basi harusi inapumzika kidogo."

"Harusi haipumziki, mwanangu! Umesoma Zaburi vizuri, sasa weka lazo, halafu utoe baraka, tukale tamale zisije zikapoa!"

"Baraka tulishaongea, Bibi Ofelia. Zaburi ndiyo, lazo ndiyo. Baraka ni ya padri. Mimi ni mtumishi wa kaunti."

"Mtumishi wa kaunti aliyebatizwa!" Bibi Ofelia akageukia watu. "Nilikubali kuja kwenye hii ndoa ya karatasi kwa sababu aliniahidi mambo ya Mungu yatakuwemo. Sasa anaanza kunipunguzia, mnamuona?"

 Jaji alishuka jukwaani akamshika Mama Chayo kiwiko. "Njoo ofisini mara moja."

"Na lazo?"

"Njoo nalo."

Noelia aliukunja mkia wa gauni lake akawafuata mbiombio, akamkamata Jaji mlangoni. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kuna nini? Ni Rogelio, siyo? Amekuja kuniharibia?"

Hebu mwambieni huyo Jaji aliyechoka, nyinyi mnaojua kujibu kila kitu, angejibu nini.

"Hajaja," alisema Jaji. "Rudi kwa mwenzako."

Hakusema uongo. Hata hivyo neno lile lilimchoma ulimi kama uji wa moto.

Ofisini Mama Chayo ndiye aliyeanza, kabla mlango haujafungwa.

"Najua ulichoniitia. Watu wamekuletea maneno kwamba Rogelio yuko mjini."

Jaji aliusukuma mlango ukajifunga.

"Ni kweli yupo. Alikuja kwangu jana jioni. Kanyoa ndevu, kavaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani bado. Eti anataka kuja harusini kumwomba Noelia radhi mbele ya watu." Mama Chayo alitikisa kichwa. "Radhi, tena harusini! Nikamwambia, hutaniharibia hii siku. Nenda zako. Mlango huu usiusogelee mpaka Jumatatu. Akasimama barazani akibembeleza, mama, mama, mimi nikazima taa. Basi ondoa wasiwasi, Eufemia. Hatakuja. Nilimkaripia vya kutosha."

Kwenye milango ya watu Jaji Eufemia alishabisha hodi kiasi cha kutosha kujua jambo moja. Ukimwambia mama "ametutoka", atakuuliza ameelekea wapi. Ukimwambia "hatunaye tena", atatafuta mahali pa kujishikilia ndani ya maneno hayo. Kwa hiyo alikuwa amejifunza kulisema neno lenyewe, upesi, na kubaki amesimama.

"Chayo. Rogelio amekufa."

"Rogelio gani?"

"Wako."

Mama Chayo alilitazama lile lazo kana kwamba ndilo lililosema. "Jana alikuwa barazani," alisema.

"Wamemkuta alfajiri mferejini. Mimi ndiye niliyekwenda. Nisingeweza kumjua, uso ulikuwa umeumia na kujaa tope, wala hana ndevu. Majibu ya alama za vidole yamerudi sasa hivi."

Mama Chayo hakupiga kelele. Jaji alikuwa amezisubiri kelele, angekuwa na la kufanya, angemshika. Badala yake mama yule alikaa taratibu kwenye kiti ambacho siku nyingine hukaliwa na washitakiwa na kuanza kuuliza maswali, moja moja, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Macho yalikuwa wazi?"

"Yalikuwa wazi."

"Nani kayafumba?"

"Mimi."

"Kuna aliyemwombea? Au mlimbeba tu kama gunia?"

 Hilo lilikuwa jambo la siri la Jaji. Hata Nicanor, aliyefanya naye kazi miaka yote, alijifanya haoni.

"Nilimsalia Baba Yetu," alisema. "Na Raha ya Milele. Huwa nawasalia wote. Wapo wengine wanaokutwa huko vichakani, hawana hata jina. Naona vibaya kuandika tu na kuondoka."

"Ukawafanyia na ishara ya msalaba."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo wafu unawabariki." Mama Chayo aliinua macho, yalikuwa makavu na mekundu. "Wazima ndio unaowaambia wewe ni mtumishi wa kaunti."

 Jaji alivuta kiti akakaa mbele yake, magoti kwa magoti. Uchovu ulikuwa umemshika mgongo mzima, akatamani kulala palepale mezani, aamke harusi imeisha, msiba umeisha, na mtu mwingine amechaguliwa kuwa jaji.

"Naahirisha harusi," alisema. "Namwambia Noelia, halafu nakupeleka ukamwone mwanao."

"Usithubutu."

"Chayo..."

"Nisikilize. Noelia akijua, nini kinatokea?"

"Atalia."

"Atalia, ndiyo. Na Ofelia?" Mama Chayo aliinama mbele. "Ofelia kakesha miaka akiomba Noelia apate ndoa ya kanisani. Rogelio akiwa hai haiwezekani. Rogelio akifa, Noelia ni mjane, padri anafungua milango. Ofelia akisikia atafurahi, Eufemia. Si mtu mbaya, namjua, lakini furaha itamtoka kabla hajaiwahi. Mbele yangu. Na wale wengine wote watahesabu vilevile, hata wakininyamazia. Watasema afadhali."

Jaji aliinamisha kichwa. Ilikuwa kweli tupu.

"Mwanangu alikuwa mtu wa hovyo," alisema Mama Chayo, na sasa ndipo sauti ilipoanza kupasuka. "Mimi mwenyewe nimemfungia mlango. Lakini akae siku moja amekufa. Siku moja tu, mtu yeyote asifurahi. Kesho wataambiwa. Leo wafungishe ndoa, wale, wacheze, mimi nikamwone."

"Na Noelia je? Ana haki ya kujua yuko huru kwenda kanisani. Akigundua nilijua nikamfungisha ndoa ya mahakama, atanichukia."

"Atanichukia mimi. Kisheria nani anaarifiwa kwanza?"

"Mama."

"Na nani anasema nani mwingine aambiwe, na lini?"

Jaji aliguna. "Mama," alikubali.

"Basi mama kasema." Mama Chayo alisimama. Alijipangusa uso kwa kiganja, akalikung'uta gauni, akalikunjua lazo likae sawa. "Na baraka utaitoa. Kama ulimpa yule, utawapa na hawa."

Hivi ndivyo walivyorudi ukumbini, wanawake wawili wazima, mmoja na joho na mwingine na lazo, wote wakijifanya wametoka kurekebisha zipu.

Bibi Ofelia aliwasimanga kuanzia mlangoni. "Mmemaliza umbea? Bwana harusi kishaanza kuota mvi!"

Abelardo hakucheka. Alikuwa amepauka, jasho linamtoka ingawa kipoza hewa kilikuwa kinanguruma, lakini bwana harusi gani hatokwi jasho? Jaji hakumjali.

"Mama wa lazo," aliita.

Mama Chayo alipita mbele. Alikipitisha kitanzi kimoja kichwani mwa Abelardo, kikalala mabegani. Alikipitisha kingine kichwani mwa Noelia, polepole, asivuruge maua. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Noelia aliona, akadhani ni furaha, akaibusu.

"Asante, mama," alimnong'oneza.

Mama Chayo aliitikia kwa kichwa.

Jaji alimuuliza Abelardo kama anamtaka Noelia awe mke wake, akasema ndiyo, kwa sauti ya chini mno hata ikabidi arudie. Alimuuliza Noelia, akasema ndiyo ikasikika mpaka barabarani. Sheria ilikuwa imebakiza sentensi moja tu, ile ya kuwatangaza. Lakini kabla ya kuitamka, Jaji aliinua mkono wake wa kulia.

 Bibi Ofelia alishika kifua.

"Mimi si padri," alisema Jaji Eufemia. "Sina ninachoweza kuwapa ambacho hamnacho. Lakini mtu akiniuliza kesho, nitamwambia niliomba. Mungu awalinde nyinyi wawili, na awalinde wote wanaowapenda, walio hapa na wasioweza kuwa hapa. Kwa jina la Baba, na la Mwana..."

Simu ikalia.

Ilikuwa ya Bibi Ofelia. Ilikuwa inalia ndani ya mkoba, chini ya leso na pipi na miwani, na yeye anachakura huku anaomba radhi. Aliipata. Alibonyeza ili aizime. Masikio yake ni mazito, kwa hiyo simu ile siku zote huwa wazi kwa sauti yote, na alichobonyeza siyo kuzima. Ujumbe wa sauti ukaanza kusema, sauti ya mpwa wake, yule mwenye gari la kuvuta magari yaliyoharibika.

"Shangazi, umesikia? Sasa hivi nimevuta gari la Rogelio wa Mama Chayo kutoka mferejini, kule kwenye kona, lilikuwa limezama lote. Yeye mwenyewe maji yalimchukua, wamemtoa alfajiri mbali na hapo. Amekufa, shangazi. Mwambie Noelia."



Bibi Ofelia alikuwa bado ameinua simu. Midomo yake ikasogea, ikihesabu kitu, na uso ukaanza kufunguka. Jaji aliona linakuja, akanyoosha mkono kulizuia, hakuwahi.

"Mjane!" alipaza sauti Bibi Ofelia. "Noelia ni mjane! Bwana asifiwe, amesikia! Eufemia, usiseme neno! Usiwatangaze! Padri Anselmo yupo hapo ng'ambo ya barabara, twende hivi hivi na maua yenu, leo hii hii..."

"Ofelia," alisema Mama Chayo.

Hakusema kwa ukali. Hata hivyo bibi kizee alikatika kama redio iliyozimwa.

"Wewe ndiye mama wa ubatizo wa Rogelio, wewe ndiye uliyembeba kwenye maji," alisema Mama Chayo. "Nilikuwa nimelazwa, siwezi kusimama. Ulimvisha mwenyewe, ukanirudishia amelala. Umesahau, komadre?"

Simu ilimwanguka Bibi Ofelia. Aliuziba mdomo wake kwa mikono yote miwili, lakini neno lilikuwa limeshatoka na kila mtu alikuwa amelisikia.

Noelia alimtazama Jaji, kisha Mama Chayo. "Mama, ulijua?"

"Nimejua sasa hivi, mle ndani."

"Na ukanivisha lazo?"

"Ulikuwa umependeza, mwanangu. Ningefanyaje?"

Noelia aliinua kitanzi juu ya maua yake, akakivua. Hakukitupa, alikiachia taratibu kikaning'inia kifuani mwa Abelardo.

"Mimi leo siolewi, Jaji," alisema. "Si hapa, si kanisani. Nilimlaani yule mtu mara nyingi, lakini leo nina msiba." Akaenda kwa Mama Chayo, akamkumbatia kiunoni, na hapo ndipo mama yule alipolia, kilio kirefu kilichokuwa kimezuiliwa tangu ofisini.

Watu walianza kutafuta mikoba yao. Jaji alifunga faili akamgeukia Abelardo, akitafuta neno la kumpoza mwanamume aliyeachwa mbele ya bendera na lazo shingoni.

"Imeahirishwa tu, mwanangu. Haijavunjika."

"Jaji, nina jambo la kusema."

"Utalisema kesho. Nenda kapumzike."

"Si la harusi," alisema Abelardo. "Ni la mfereji."

Nicanor, aliyekuwa mlangoni, aliondoa mkono mfukoni.

Uchovu ulimtoka Jaji Eufemia kama maji yaliyomwagwa. Hakuwa amewahi kuwa macho hivyo. "Nyamaza," alisema. "Usinitamkie neno hata moja. Mimi ndiye nitakayeamua yule mtu amekufaje, unanielewa? Toka hapo, katafute wakili, kaseme naye."

Abelardo alitaka kutii, alivuta hatua. Lakini Mama Chayo alikuwa amesikia. Alijitoa mikononi mwa Noelia, akapita katikati ya watu, akakikamata kile kitanzi kilichoning'inia kifuani mwa bwana harusi. Akakivuta mpaka nyuso zao zikakaribiana.

"Jaji ana sheria zake," alisema. "Mimi ni mama. Sema."

"Chayo, mwache!" alipiga kelele Jaji.

"Sema, Abelardo."

Machozi yalikuwa yanamchuruzika kijana wa watu mpaka kwenye tai.

"Alikuja kwangu ulipomfungia mlango," alisema. "Nilipoondoka pale mferejini alikuwa hai, mama. Alikuwa majini, ananiita."